Faili liko wapi?

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa huu ulitoa barua ya msomaji wa Malindi akilalamika kwamba maneno ya mabaharia na mafundi wa vyombo vya bahari yanazikwa pamoja na wazee. Dawa aliyopendekeza ni moja tu: tuyatie kwenye tovuti, huko yatakaa. Kilio chake ni kilio changu. Dawa yake nimeshainywa, tena mara tatu, na kila mara nikaitapika. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi nina duka la saiba hapa Langoni, Amu, yaani Lamu. Natoa nakala za vitambulisho, nachapa kadi za harusi, najazia watu fomu za pasi na za ushuru, na matokeo ya mitihani yakitoka hapapitiki mlangoni kwangu. Pembeni ya kazi hiyo, tangu mwaka 2006, nakusanya maneno ya vyombo: mkuku, taruma, foromali, dasturi, omo, tezi, ngama. Sikuanza kwa usomi. Nilianza kwa aibu. Mgeni mmoja aliyekuja kusoma barua zake aliniuliza ule mti unaobeba tanga huitwaje kwetu, nami bila kufikiri nikamwambia mlingoti. Kulikuwa na mzee amekaa kwenye benchi akingoja nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Akanitazama kama aliyemfuma mtu akila mchana wa Ramadhani.

"Mlingoti ndio uliosimama, mwanangu. Ule ulioinama ukachukua tanga ni foromali. Hebu niambie, wewe ni mtu wa Amu kweli?"

Mzee yule alikuwa fundi wa vyombo wa Matondoni, hapa kisiwani. Kuanzia siku hiyo, kila Ijumaa baada ya swala, alipita dukani akaniachia maneno mawili matatu kama mtu anayeacha mayai ya kuku wake. Niliyaandika kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Daftari lilipojaa tulikuwa watu sita tunaoifuatilia kazi ile, tukachanga pesa, tukamtafuta kijana aishiye Mombasa atutengenezee tovuti.

Jina lake silitaji wala la aliyemtuma. Alikuwa kijana mzuri, na kosa lake ni kosa ninalolikuta hadi leo kwa watu wenye vyeti vikubwa kuliko chake.

Akatuwekea mfumo wa kutengenezea kurasa za tovuti uitwao Cocoon, wa shirika la programu huria la Apache, ulioanzishwa na Stefano Mazzocchi mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku zile mambo yote yalikuwa XML. Kiwango chake cha kwanza kilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Februari 1998, na kufikia wakati wetu kila mtu wa kompyuta aliyekuja Amu alikuwa nayo mdomoni. Kwa asiyejua, XML ni maandishi ya kawaida ambayo kila kipande kimevalishwa tagi inayosema ni nini: hiki ni neno, hii ni maana, huyu ndiye aliyesema, hapa ndipo aliposemea. Nilipenda tangu siku ya kwanza kwamba tagi unajitungia mwenyewe. Zangu ziliitwa neno, maana, fundi, mahali. Nilijiona nimepewa kabati na funguo zake.

Sasa naomba nieleze Cocoon inavyofanya kazi, maana hapo ndipo mkasa wote ulipo, na nitaieleza kwa mawe. Mashua ya mawe ikifika gatini, watu hujipanga mstari kutoka chomboni hadi kwa punda. Wa kwanza huokota jiwe, humpa wa pili, wa pili humpa wa tatu, na wa mwisho hulipanga kwenye shogi. Cocoon ni mstari huo. Wa kwanza huitwa jenereta: yeye ndiye hutoa XML, ama kwa kuisoma mahali ama kwa kuitunga papo hapo kutokana na ulichojaza kwenye fomu. Katikati wako matransfoma: mmoja hugeuza tagi hizi kuwa zile, mwingine hupanga kwa alfabeti, mwingine hutia rangi na kichwa cha ukurasa. Wa mwisho ni serialaiza, ambaye huitoa kama ukurasa wa wavuti, au PDF, au XML ile ile. Nani asimame wapi hupangwa kwenye faili moja la ramani: likija ombi la namna hii, mstari uwe huu, likija la namna ile, mstari uwe ule.

Ni kazi nzuri, Mhariri, nami siisemi vibaya. Maneno yale yale ya mzee niliweza kuyatoa kama orodha kwa watoto wa shule na kama PDF ya kuchapa kwa wazee, bila kuyaandika mara mbili. Lakini itazame tena ile safu ya mawe. Kila mtu jiwe limepita mkononi mwake. Hakuna aliyebaki nalo. Hati haipokezwi nzima kutoka mtu hadi mtu. Hupita vipande vipande, tagi imefunguka, maandishi haya hapa, tagi imefungwa, na kilichopita kimepita. Ukurasa ukishafika kwa msomaji, kule ulikotoka hapana kitu, isipokuwa kuna mtu aliyeambiwa makusudi aliweke jiwe moja kando.

Yetu haikuwa na mtu huyo.

Nilijaza fomu, nikabonyeza, ukurasa ukaja: neno, maana, jina la mzee, mpaka wa buluu kuuzunguka. Nilijaza maneno sitini na moja kwa siku nne. Kijana alikuwa ameyashikilia kwenye kumbukumbu ya kompyuta ile ile iliyokuwa chini ya kaunta yangu, yaani kumbukumbu inayoishi na umeme, ikifa nao. Siku zile umeme wa Amu ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Jumatatu jioni ukakatika kama kawaida yake, ukarudi baada ya isha, nikawasha kompyuta, orodha ikaja na mpaka wake wa buluu na ndani yake hamna hata herufi. Nilimpigia simu kijana nikamwambia jenereta imezima na maneno yamepotea. Akachukua robo saa kunieleza kwamba jenereta haiwezi kuzima, ni sehemu ya programu, hadi nikamwambia mwanangu, nasema ile ya dizeli.

Nilipomuuliza ni kwa nini hayakuhifadhiwa, alinijibu kwa upole kabisa: "Lakini mama, si ulikuwa unayaona?"

Jibu hilo nimelibeba miaka yote hii. Ndilo ninalolisikia ndani ya barua ya msomaji wa Malindi. Kitu kikionekana kwenye kioo, mtu huamini kimekaa. Mimi mwenyewe niliamini.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza mzee, nikidhani sitaeleweka. Nilimchorea ile safu kwenye karatasi ya nyuma ya fomu ya pasi. Akaifuatisha kwa kidole, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Yaani maneno yatembea tu, tezi na omo."

"Ndivyo, ami."

"Na kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sasa ngama ya chombo chako iko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa wasiojua, tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake, chini kabisa, maji na shehena vinakoishia. Mtu ambaye hajawahi kugusa kibodi aliuliza swali ambalo mimi niliyelipa pesa sikuuliza.

Kijana akarudi, akamsimamisha yule mtu aliyekosekana. Kwenye Cocoon lipo transfoma la kazi hiyo hasa. Linasimama katikati ya mstari, haligusi chochote, hadi lipitiwe na tagi zenye alama yake: andika, mahali pa kuandika, na kipande chenyewe cha kuandikwa. Hapo huchukua kile kipande, hukiandika kwenye faili mahali ulipotaja, halafu pale kilipokuwa mstarini huacha ripoti fupi: nimefaulu au nimeshindwa, na faili ni jipya au nimelifunika la zamani. Mstari unaendelea, ukurasa unatoka, na faili limebaki. Nilifungua folda nikaliona kwa macho yangu. Nikalifungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida kabisa, ile isiyo na mapambo, na neno la mzee likawa limekaa hapo kati ya tagi zake. Nadhani niliita majirani.

Furaha ile ilidumu miezi mitatu. Kijana alikuja na toleo jipya la tovuti, lenye picha ya jahazi juu. Kumbe folda aliyochagua kuhifadhia ilikuwa ndani ya programu yenyewe. Programu za namna hii, zilizoandikwa kwa lugha ya Java, huja zimefungwa kama furushi, na seva, ile programu inayoziendesha, hulifungua furushi likawa folda. Ukiiondoa ya zamani ili kuweka mpya, ile folda hufutwa na kila kilichomo. Maneno mia na arobaini yalikwenda na bahari. Ni kama kuhama nyumba ukaacha dhahabu imefukiwa ukutani, na mwenye nyumba akabomoa. Tangu siku hiyo ghala langu liko nje ya programu, kwenye folda yake peke yake, na programu inaambiwa tu ndia ya kufika huko.

Kufikia hapo nilikuwa nimechoka kumtegemea mtu. Nilijifunza mwenyewe, usiku, baada ya kufunga duka, kwa kuchapa kurasa za maelezo na kuzipigia mistari. Siwezi kusema nilielewa yote. Faili la ramani nililielewa upesi, maana ni XML nalo. XSLT, ile lugha ya kugeuzia tagi, ilinitesa hadi mfungo ukaisha.

Msiba wa tatu basi ni wangu mwenyewe, na ndio unaoniuma kuliko yote.

Niliamua kila neno liwe na faili lake, na jina la faili liwe neno lenyewe. Mkuku likawa mkuku.xml, taruma likawa taruma.xml. Lilionekana jambo la akili. Ijumaa moja mzee alinipa demani. Alinieleza kwa kirefu, kwa mikono, akasimama katikati ya duka akaonyesha kwa leso yangu: demani ni kamba ya tanga, ya pembe ile ya chini ya nyuma, ndiyo unayoilegeza au kuivuta ili tanga lishike upepo. Alinitajia inafungwa wapi, nani huishika, na baharia asiyeijua demani huitwaje na wenziwe, neno ambalo wewe Mhariri huwezi kulichapa. Niliandika yote. Yakahifadhiwa. Nikaona faili.

Baada ya wiki kadhaa alikuja baharia wa Kizingitini, mtu mzima mwenye maneno yake, naye akanipa demani. Ya kwake ilikuwa msimu: kusi likielekea ukingoni, upepo umelegea, kabla kaskazi halijaingia. Naye kasema kweli. Neno ni moja, maana ni mbili, na kila mtu wa bahari anazijua zote. Kompyuta haijui. Nilijaza, nikabonyeza, transfoma likaona kuna demani.xml, likafanya kama lilivyoagizwa: likaliandika jipya juu ya la zamani. Kamba ikageuka msimu.

Na lilisema! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ile ripoti yake fupi ilitamka wazi kwamba faili limefunikwa. Ila mimi, katika ujanja wangu wa kupendezesha ukurasa, nilikuwa nimeandika XSLT inayoitupa ripoti yote na mahali pake kuweka neno moja kwa maandishi makubwa: Asante. Mtu wa mstarini alipiga kelele, mimi nikamziba mdomo kwa adabu.

Niligundua baada ya mwezi na ushei, mtoto wa shule alipoitafuta demani ya tanga asiione. Mzee alikuwa keshafariki, mwaka ule ule kabla ya mfungo. Mungu amrehemu.

Sitaki kuchosha wasomaji wako kwa kila kilichonipata, ila vituko viwili nitavisema kwa sababu ni vya Kiswahili hasa, na mwongozo wa Kizungu hautavitaja. Cha kwanza ni ng'. Nilikuwa naunganisha tagi kwa mkono, kama mtu anayeshona magunia, neno nikiliweka ndani ya alama za mkato mmoja. Mkuku ulipita, tanga lilipita, omo lilipita. Likaja ng'ambo. Ile alama ya ng' ikadhaniwa ndiyo mwisho wa neno, iliyobaki ikawa takataka, na ukurasa mzima ukakataa kufunguka. XML haina huruma: tagi moja isipofungwa sawasawa, programu inayoisoma inatakiwa isimame hapo hapo na kutangaza kosa, haitakiwi kubahatisha kama vivinjari vinavyobahatisha kwenye kurasa za wavuti. Nilidhani ni ukali usio na maana. Sasa naona ni bora, maana faili bovu hujulikana siku ile ile. Siku hizi sishoni tagi kwa mkono; naiachia programu itoe XML yenyewe, nayo inajua ng' iifanyeje. Cha pili ni herufi za Kiarabu. Baadhi ya wazee waliniandikia Kiswahili chao kwa hati hiyo, na kilichohifadhiwa kikawa alama za ajabu, kwa kuwa fomu ilisomwa kwa usimbaji mmoja, yaani namna kompyuta inavyogeuza herufi kuwa namba, na faili likaandikwa kwa mwingine. Nikaweka UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za Kiarabu na za Kizungu pamoja, kila mahali, mwanzo hadi mwisho, na maneno yao yakakaa vizuri, kulia kwenda kushoto.

Jingine ni la mtandao wetu wa kobe. Mtu akibonyeza asione kitu, hubonyeza tena, na tena. Foromali nililikuta limehifadhiwa mara tatu na dasturi mara saba. Kuna siku nilikuta maneno yaliyojihifadhi usiku wa manane, hakuna mtu aliyeyaandika. Kumbe nilifanya kuhifadhi kuwe kiungo cha kawaida cha kubofya, na zile programu za kutafuta zinazotembelea kila kiungo zilikuwa zikipita na kubofya. Tangu hapo kuhifadhi ni kwa fomu inayotumwa tu, na ukishahifadhi unapelekwa ukurasa mwingine ili hata ukiuonyesha upya usirudie.

Sasa nafanyaje? Kila ingizo ni faili lake, na jina lake ni tarehe, saa na namba, mfano 2011-03-04-1632-07.xml. Neno liko ndani, halimo kwenye jina, na hakuna faili linalofunikwa. Anayesahihisha huleta faili jipya linalotaja lile analolisahihisha, la kwanza halifutwi. Demani zikiwa mbili, faili ni mbili. Zikiwa tano, tano. Faili huandikwa kwanza kwa jina la muda, likishakamilika ndipo hupewa jina lake, ili umeme ukikatika katikati nisibakiwe na nusu ya hati isiyosomeka. Orodha ya wasomaji haihifadhiwi popote: jenereta husoma folda nzima, huunganisha, hupanga, huonyesha. Hiyo ikipotea hainiumi, itatungwa tena kesho. Kila Alhamisi jioni folda nzima naitia kwenye flashi, na flashi inakwenda Shela kwa dada yangu, ambaye huiweka kwenye kopo la vitambaa vya kushonea.

Ripoti ya transfoma naiacha ionekane yote, pamoja na ubaya wake wa sura. Wateja hulalamika. Nawaambia someni.

Mtoto wa ndugu yangu, aliyesomea mambo haya Nairobi, hunicheka. "Shangazi, hicho ni chombo cha kale, watu wa leo wana hifadhidata." Namwambia sina ugomvi na hifadhidata, wala na chochote chenye jina jipya. Nami najua iko siku Cocoon yangu haitawaka kwenye kompyuta mpya. Siku hiyo faili za mwaka 2008 nitazifungua kwa programu yoyote inayosoma maandishi, kama nilivyofanya siku ile ya kwanza, na demani itasomeka kwamba ni neno, na maana yake hii hapa, na aliyesema ni fulani wa mahali fulani. Chombo kikizama, shehena yangu inaelea. Yake naomba anionyeshe itakavyoelea. Mara ya mwisho alisema atanijibu kwenye simu.

Nimwambie msomaji wa Malindi, na kila kikundi kinachochanga pesa sasa hivi ili kuhifadhi utenzi wa bibi zao au nasaba au picha za harusi za zamani: akija fundi wa tovuti msimuulize rangi. Mwachie amalize kuonyesha, mnywe naye chai, halafu mwambie aingize neno moja mbele yenu. Likishatokea kwenye kioo, mwambieni aizime kompyuta. Aizime kabisa. Aiwashe tena. Neno likiwepo bado, mwambieni awaonyeshe faili lenyewe au jedwali lenyewe, liko folda gani, kwenye kompyuta ya nani, na mtalinakili vipi ili mtu mwingine alichukue bila yeye. Akisema lipo kwenye kache, mjue hajawajibu. Kache ni pa kupumzikia ili ukurasa usitungwe upya kila mara, na mwenye mfumo anaweza kuifagia wakati wowote bila kumuaga mtu. Halafu aingize neno lile lile kwa maana nyingine, na mtazame kama la kwanza lingalipo. Mimi hili la mwisho lingeniokoa.

Nadhani linahitaji nusu saa na vikombe viwili vya chai.

Nimebakiwa na ombi, Mhariri, nalo ndilo lililonifanya nisiandike barua fupi. Demani ya mzee nilijaribu kuirudisha kutoka kwenye daftari, maana nashukuru sikuacha kuandika daftarini kwanza. Kurasa ile iko. Siku ile alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono ina sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za chombo, akaishika karatasi ili anichoree tanga. Mistari miwili ya juu inasomeka. Mchoro unasomeka. Mstari wa tatu unasema hii kamba hufungwa kwenye, halafu inaanza "ki", na iliyobaki ni doa la mafuta ambalo nimelitazama juani, chini ya taa na kwa kamera ya simu, bila faida. Nimewauliza watu wa Shela na wa Matondoni. Wawili wamenipa maneno tofauti, na hakuna hata moja linaloanza na ki. Yote mawili nimeyahifadhi.

Kama yuko msomaji wa Pate, Siu, Faza au Kizingitini, au huko Malindi kwa mwenzangu aliyeandika, anayejua pale mahali panapofungwa demani panaitwaje, na neno lenyewe linaanza na ki, naomba aniandikie kupitia ukurasa huu, ataje na kijiji chake na aliyemfundisha.

Mama Saiba,
Langoni, Lamu